Jedwali langu la baiskeli lilikuwa upuuzi

Haya wasomaji, nimekuwa kimya hapa kwa wiki sita hivi na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Ila leo siandiki kuhusu Python wala hifadhidata. Naandika kuhusu baiskeli, tena zile ghali za kushuka milima, na naandika kwa hasira. Wanachama wa chama chetu mnaosoma blogu hii (nawajua, hamtoi maoni lakini mnasoma), ndiyo, ni nyinyi ninaowalenga. Kura ni Jumamosi, kwa hivyo someni mpaka mwisho.

Kwa wasiotujua: sisi ni waendesha baiskeli tisa wa Donholm, Savannah na Umoja. Kila mtu hutoa shilingi 500 kwa wiki. Piga hesabu ya miaka miwili utapata shilingi 468,000, na pesa hizo zipo zote, hakuna aliyekula hata senti. Hilo peke yake ni jambo la kujivunia katika nchi hii. Sasa kuna pendekezo kwamba tuagize kutoka Uingereza baiskeli moja ya kifahari ya kushuka milima, iliyotumika miaka minne, iwe ya chama. Itagharimu 430,000 ikifika Nairobi, kodi ikiwemo. Tutapokezana.

Na ushahidi unaotumiwa kutetea pendekezo hilo ni jedwali. Jedwali la safu 14, lenye rangi na alama, jumla ikiwa chini kwa wino mzito. Kila mtu analo kwenye simu yake. Jedwali hilo niliandika mimi.

Leo nalipinga.

Baiskeli hizi ni nini hasa?

Msomaji uliyezoea Black Mamba ya mjomba kule nyumbani, nikueleze kidogo. Baiskeli ya kushuka mlima haikuundwa kwenda popote ila chini. Mbele ina foki ya mihimili miwili iliyoshikwa juu na chini ya shingo, kama ya pikipiki, na hubonyea milimita 200 hivi. Nyuma kuna shoki inayobonyea karibu kiasi hicho hicho. Shingo ya fremu imelala mbele kwa nyuzi 63 hivi ili usirushwe juu ya usukani mteremko ukiwa mkali. Breki ni za diski na mafuta. Gia mara nyingi ni saba tu nyuma na moja mbele. Uzito ni kilo 16 au 17. Ikiwa mpya na ya daraja la juu, bei inafika dola 8,000 na kupita, na kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola hiyo ni zaidi ya milioni moja. Kuna watu wamenunua ploti Joska kwa pesa hizo.

Majina makubwa mnayajua: Santa Cruz V10, Specialized Demo, Trek Session, Commencal Supreme. Nilizilinganisha zote nne. Nililinganisha pia foki ya Fox 40 na BoXXer ya RockShox, helmeti za uso mzima, kinga za magoti, glavu, miwani, hata viatu. Usiku tatu sikulala. Nilijiona profesa.

V10 ikashinda. Na kusema kweli ni baiskeli nzuri ajabu. Greg Minnaar wa Afrika Kusini alitwaa ubingwa wa dunia juu ya V10 mwaka wa 2012, akautwaa tena 2013 nyumbani kwao Pietermaritzburg, na tena 2021 kule Italia akiwa na miaka 39. Mwafrika! Nilipoandika hayo kwenye kikundi chetu, kura ilikuwa karibu kwisha kabla ya kuanza.

Kilichotokea Ngong

Mwezi wa Machi tulienda Ngong, wanne. Rafiki yangu, fundi umeme wa Phase 5, alikuwa na baiskeli ya mitumba iliyoshuka na kontena, ya shoki ya mbele tu, breki za mafuta. Wiki moja kabla yake alilalamika kwamba breki ya mbele imelegea. Nikamwambia, leta, mimi ni injinia. Nikatoa mafuta ya zamani, nikaweka mapya, nikatoa hewa. Ikashika kama mpya. Akaninunulia soda.

Mafuta niliyoweka yalikuwa DOT 4, ya breki za gari, kutoka duka la spea. Breki zake zilikuwa za kutumia mafuta ya madini. Maneno hayo yameandikwa kwenye mfuniko wa breki yenyewe: tumia mafuta ya madini pekee. Sikusoma. Mimi, mtu ninayewafokea vijana kazini kwa kutosoma maelezo kabla ya kusakinisha programu.

Mafuta haya mawili hayapatani hata kidogo. Raba ndogo za ndani, zile sili, zimetengenezwa kwa aina moja. Ukizipa aina nyingine huvimba, hulegea, na breki huanza kupoteza nguvu bila kukuarifu. Tuliposhuka mteremko wa tatu, mkono wa breki yake ukagusa usukani. Hapakuwa na breki. Aliruka mawe mawili, la tatu likamwangusha.

Helmeti yake ilikuwa ya mitumba, shilingi 600. Ilipasuka vipande viwili. Tulipoitazama baadaye tuliona povu la ndani lilikuwa limebonyea upande mmoja tangu zamani, limefichwa na kitambaa. Povu la helmeti hufanya kazi mara moja tu: linapondeka, linameza nguvu ya pigo, halirudi tena lilivyokuwa. Aliyeivaa kabla yake huko ng'ambo alishaitumia mara hiyo moja. Sisi tulinunua ganda.

Alipoteza fahamu kwa dakika kama nne. Sijawahi kuishi dakika ndefu kama zile. Mfupa wa bega ulivunjika. Bili ya hospitali ilikuwa 187,000, tukaichanga kwa M-Pesa, na wengi wenu mnaosoma hapa mlituma. Asanteni. Miezi miwili hakupanda ngazi wala kushika waya. Mama yake hakunilaumu hata neno moja; alinipa chai akaniuliza kama nimekula. Ningependelea anitukane.

Yeye mwenyewe ameshanisamehe. Nasimulia haya kwa sababu moja tu. Nilirudi nyumbani nikafungua lile jedwali. Safu 14. Kwenye safu ya breki nilikuwa nimeandika jina la kampuni na alama, 9 kwa 10. Aina ya mafuta? Haikuwepo. Spea zinapatikana wapi? Haikuwepo. Helmeti nilizipa alama kwa uzito na matundu ya hewa. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kile kilichokaribia kumuua rafiki yangu.

Nilipima kitu kisicho

Chuoni tulifundishwa kanuni ya Gene Amdahl, ya mwaka wa 1967. Kwa lugha ya mtaani inasema hivi: ukiharakisha sehemu ya kazi inayochukua muda mdogo, faida yako itakuwa ndogo hata ukiiharakisha namna gani. Kwa hivyo pima kwanza muda unaishia wapi, ndipo uboreshe.

Basi nikachukua rekodi za simu yangu za mwaka mzima. Saa 118 juu ya baiskeli. Nyingi ni Outer Ring Road na Jogoo Road, kwenda na kutoka kazini, kwenye ile njia ya baiskeli iliyojengwa barabara ilipopanuliwa na ambayo leo ni ya bodaboda, mahindi choma na viatu vya mitumba. Nyingine ni Karura. Saa za kushuka mteremko mkali wa mawe, ule hasa ambao V10 ilitengenezewa, ni tano. Tano kati ya 118. Asilimia nne na kitu. Na mimi ndiye niliyekuwa naenda Ngong mara nyingi kuliko wote!

Mtu akiniambia kazini kwamba atatumia asilimia 92 ya bajeti kuboresha asilimia nne ya programu, ningemwambia apumzike kidogo, anywe maji. Kwenye chama nilimpa jedwali.

Hoja za upande wa pili

Nimezisikia zote, na baadhi zina uzito. Nizijibu moja moja.

Kwanza, "baiskeli kubwa husamehe makosa." Ni kweli. Foki ya milimita 200 humeza jiwe ambalo lingekurusha. Lakini husamehe makosa ya mwendeshaji, haisamehi makosa ya fundi. V10 yenye mafuta yasiyofaa kwenye breki ni mawe yale yale, kwa kasi zaidi. Tena kasi ndiyo hatari ya baiskeli hizi: ukiwa juu yake kilomita 40 kwa saa unaziona kama 20.

Pili, "tutajifunza kwayo, tutoe bingwa." Ngong hakuna lifti ya viti kama Ulaya. Baiskeli ya kilo 17 yenye gia saba huipandi mlima, unaisukuma, au unakodi pikapu. Siku ile tulilipa pikapu 4,000 na mpango ulikuwa miteremko sita. Tuwe tisa na baiskeli moja, watatu hawatashuka kabisa siku hiyo. Na fremu ni ya saizi moja. Mfupi wetu ana futi tano na inchi nne, mrefu ana sita na mbili. Nani atabadilisha miguu?

Mkitaka mfano wa kutoa bingwa, mnao hapa hapa. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akajifunza baiskeli akiwa mtoto kwa David Kinjah na vijana wake wa Safari Simbaz kule Kikuyu. Baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alichokuta kwa Kinjah hakikuwa baiskeli ya milioni. Alikuta mtu anayejua baiskeli, karakana, na kundi la kuendesha nalo kila siku.

Tatu, "ina dhamana ya maisha." Hapa ndipo ninapotaka kupiga meza. Santa Cruz kweli hutoa dhamana ya maisha kwa fremu, na beringi za bure pia. Kwa mnunuzi wa kwanza! Sisi ni wa pili. Tunanunua fremu ya kaboni iliyogongwa na mtu tusiyemjua, kwenye milima tusiyoijua, bila dhamana. Kaboni ikiwa na ufa wa ndani unaweza usiuone mpaka siku inapokatika. Ni ile hadithi ya helmeti ya shilingi 600, ila sasa ni ya shilingi 430,000.

Nne, "wewe unaogopa tu tangu Machi." Ndiyo, naogopa. Mtu aliyeona rafiki yake amelala kimya kwenye nyasi na haogopi ana matatizo yake. Wala sisemi vifaa bora hutukinga na kila kitu. Suleiman Kangangi, mmoja wa waendesha baiskeli bora Kenya imewahi kuwa nao, alifariki katika mashindano Vermont, Marekani, Agosti 2022, na yule alikuwa mtaalamu kamili. Mchezo huu una bei yake. Ninachokataa ni kulipa bei hiyo kwa uzembe.

Ulinganisho wa kweli

Sasa, kwa kuwa bado ni mtu wa majedwali, hizi ndizo safu ambazo ningeweka leo kabla ya kuangalia rangi.

1. Mafuta ya breki. Breki za SRAM Code hutumia DOT 5.1, na DOT 4 pia inakubalika. Hiyo unaipata Grogan, Kirinyaga Road, hata hapa stejini kwenye spea za magari. Shimano hutumia mafuta ya madini, na SRAM nao wametumia mafuta ya madini kwenye Maven waliyoitoa 2024. Yote mawili ni mazuri, ila ujue yako ni ipi na uwe na chupa yake nyumbani kabla ya kununua baiskeli. Na tahadhari: DOT 5 si ndugu ya DOT 5.1. DOT 5 ni ya silikoni. Usidanganywe na namba.

2. Fremu inatengenezwa wapi ikivunjika? Chuma huchomelewa na fundi yeyote mzuri wa jua kali. Alumini si hivyo: ukiichomelea hupoteza ugumu wake mpaka ipashwe moto upya kwa utaratibu maalum, kwa hivyo mtu akikuambia "nitakuchomelea, itakuwa sawa," mshukuru uondoke. Kaboni ni kazi ya mtaalamu. Na msidhani kaboni ndiyo ushindi. Commencal wa Andorra wameshikilia alumini, na Amaury Pierron alitwaa Kombe la Dunia la kushuka mlima 2018 na 2022 juu ya Supreme yao.

3. Foki na shoki zinahudumiwa na nani? RockShox wenyewe wanasema mafuta ya miguu ya chini ya foki yabadilishwe kila saa 50 za kuendesha. Saa 50! Kwa watu tisa wanaopokezana hiyo ni miezi michache. Shoki nyingi za nyuma zinahitaji gesi ya naitrojeni na vyombo maalum ukizifungua. Muulize muuzaji: nani Nairobi atafanya hivyo, na sili zitatoka wapi? Akianza kuhema, una jibu.

4. Beringi. Angalia namba iliyoandikwa pembeni. Ikiwa ni ya kawaida kama 6902, duka la beringi litakusaidia. Ikiwa ni ya kampuni hiyo peke yake, utasubiri meli.

5. Helmeti. Mpya. Sitajadiliana. Ya uso mzima, yenye alama ya ASTM F1952 ambayo ni kipimo cha kushuka mlima hasa. EN 1078 ni cha baiskeli za kawaida. Uzito na rangi baadaye. Ikipigwa mara moja, itupe, na uikate vipande kwanza ili isirudi Gikomba.

6. Kinga ya shingo, magoti na viganja. Hapa Waafrika tunaongoza na hatujui. Kinga ya shingo ya Leatt ilibuniwa na daktari wa Afrika Kusini, Chris Leatt, baada ya kushuhudia kifo cha mwendesha pikipiki mwenzake. Aliona mtu anakufa, akaenda kutengeneza kitu. Mimi niliona mtu anaanguka na nilichokuwa nacho ni jedwali la rangi.

Pesa zenyewe

Pendekezo lao: baiskeli 430,000, zinabaki 38,000. Hizo zitanunua helmeti moja nzuri na pea moja ya kinga. Tupokezane pia helmeti, na jasho lake, watu tisa.

Pendekezo langu, kwa bei nilizoulizia mwenyewe:

Helmeti tisa mpya za uso mzima, 22,000 kila moja: 198,000.
Kinga za magoti na glavu kwa watu tisa, 9,000 kila mtu: 81,000.
Diski, pedi, mafuta sahihi na vifaa vya kutolea hewa breki: 60,000.
Vyombo vya karakana, tuviweke kwa yule mwenye chumba cha ziada Savannah: 45,000.

Jumla 384,000. Zinabaki 84,000. Hizo tuziweke kwa ajili ya mafunzo ya huduma ya kwanza na siku mbaya, ili mtu akianguka tena tusianze kuchangisha kwa simu akiwa kwenye machela. Baiskeli tulizo nazo zinatosha kwa saa zetu tano za mteremko. Zikianza kutuzuia kweli, zikiwa ndizo udhaifu wetu mkubwa, nitakuwa wa kwanza kuandika jedwali jipya. Nazipenda baiskeli zile jamani, msinielewe vibaya. Picha ya V10 bado iko kwenye kioo cha tarakilishi yangu ninapoandika haya.

Lakini wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona. Una umbo la bega la rafiki yetu.

Yeye naye ana kura Jumamosi. Sijamuuliza atapiga vipi, na sitamuuliza. Nawaomba tu mtakaponyoosha mkono mumtazame yeye, msitazame simu.

Jedwali la zamani nimelifuta. Mwenye nakala aifute pia. Jipya lenye safu hizi sita nitawaletea limechapishwa, kila mtu lake.

Maoni hapo chini. Matusi pia nitayaacha, mradi yawe na hoja ndani yake. Tuonane Jumamosi saa tisa, pale pale pa siku zote. Na kabla hamjatoka nyumbani, someni mfuniko wa breki zenu.